Simu ya Saa Nane Mchana

Harufu ya mafuta ya taa ikichanganyika na ya sabuni ya mche hunipeleka moja kwa moja dukani kwa Mzee Saidi. Siku hizi ni nadra kuikuta. Juzi nilikuwa Namtumbo, nikaingia kwenye kiduka cha pembeni mwa barabara kununua kiberiti, ikanipiga puani kabla sijafungua mdomo. Muuzaji aliniuliza mara mbili nataka nini. Nilishindwa kumjibu kwa sababu kwa wakati ule sikuwa Namtumbo. Nilikuwa Songea, nina miaka kumi, nimekaa juu ya gunia la chumvi karibu na magoti ya babu yangu, tunaitazama simu.

Ngoja niwasimulie tangu mwanzo, maana habari hii ukiishika katikati haieleweki.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya biashara huria. Maduka ya ushirika, ambayo mimi niliyajua kwa rafu zake tupu, yalikuwa yamefungwa, na watu ambao hatukuwahi kudhani ni wafanyabiashara walikuwa wamegeuza vyumba vyao vya mbele kuwa maduka. Marobota ya mitumba yalifunguliwa sokoni asubuhi, na hadi mchana nusu ya mji ilikuwa imevaa makoti ya watu wa nchi za baridi. Baba yangu alikuwa amekwenda Tunduru kwenye madini kama wanaume wengi wa wakati ule. Alirudi mara mojamoja, na kila mara utajiri ulikuwa umebaki hatua chache tu.

Mama yangu, Theopista, alikuwa muuguzi. Kupitia parokia alipata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea namna ya kuwatunza watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Yalikuwa masomo ya miaka miwili, katika mji mdogo wa zamani huko milimani. Mimi niliachwa mtaani Msamala, pale Songea, kwa Babu, baba yake mama, pamoja na Mama Mdogo Kotilda, ambaye alikuwa hajaolewa na ndiye aliyeshika nyumba.

Babu alikuwa fundi seremala. Kazi aliifundishwa misheni na mabruda wa Kijerumani, na hata uzeeni vidole vyake vilinukia mbao mbichi. Aliniita mke wangu, kama babu wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na nilipomchelewesha chai alitishia kunirudisha kwetu.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Babu hakulifanyia utani. Alizaliwa porini, juu huko kwenye milima ya Matogoro, wakati wa njaa iliyofuata Vita vya Majimaji. Wajerumani walikuwa wamechoma mashamba na maghala, na watu wakawa wanachimba mizizi. Siku moja baba yake alishuka bondeni kutafuta chakula na hakuonekana tena. Mama yake Babu alibaki na mimba, akajifungua, akazeeka, akafa, bila kujua mumewe alilala wapi.

Mnajua jinsi mji wetu unavyowakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani. Kila Februari Babu alivaa koti lake, akanishika mkono, tukatembea hadi mtaa wa Mahenge, kwenye makaburi yao. Ngoma zilipigwa na wageni wakubwa waliketi mbele. Sisi tulisimama nyuma kabisa, nje ya uzio, Babu akiwa ameshika kofia kifuani. Mwaka mmoja nilimwuliza kwa nini hatuingii ndani kama wenzetu.

"Wa kwetu hayumo humo, mke wangu," alisema. "Hakunyongwa. Njaa ilimpoteza. Sisi tumekuja kuwasalimia wa wenzetu."

Kwa hiyo mama alipotangaza kwamba anakwenda Ujerumani, nyumba nzima iliutazama mdomo wa Babu. Mdomo haukufunguka. Aliingia kwenye kibanda chake cha useremala, akaanza kupiga randa ubao ambao hata mimi niliona kwamba ulikuwa umeshalainika. Asubuhi ya safari hakwenda stendi kumsindikiza. Mama alipanda basi akiwa amevimba macho, na kwetu sote maana ilikuwa moja: mzee amekataa.

Barua zilianza kuja. Mama Mdogo Kotilda alizisoma kwa sauti baada ya chakula cha mchana, Babu akijifanya anatafuta kitu kwenye sanduku la vifaa vyake. Mama alieleza mji ule kama mtu anayemweleza ndugu kuhusu shamba jipya. Alisema uko milimani kama wa kwetu, una ukungu wa asubuhi kama wa kwetu, na kengele za kanisa zinazowaamsha watu wasiotaka kuamka. Dirisha la wodi yake lilitazama safu ya milima ambayo, ukifumba jicho moja, ungesema ni Matogoro, mpaka siku theluji ilipoanguka na udanganyifu huo ukaisha. Alisema nyumba zao za mbao zina umri mkubwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kusikia habari zake, na juu ya milango wameandika mwaka zilipojengwa.

Jambo lililonishangaza kuliko theluji lilikuwa saa. Mama aliandika kwamba wao wako nyuma yetu kwa saa mbili. Sisi tunapoingia darasani, wao ndio kwanza wanageuka kitandani. Nilimpelekea Babu jambo hilo kama kitendawili, naye akalifurahia mno. Tulikuwa tukikaa barazani asubuhi, jua likichomoza nyuma ya Matogoro, nami naulizwa mama yangu anafanya nini saa hizi.

"Amelala," nasema.

"Na jua?"

"Halijafika kwao."

"Litafika," alisema Babu. "Wao wanatuletea nguo walizokwisha kuvaa, na sisi tunawapelekea jua tulilokwisha kutumia."

Alicheka mpaka akakohoa. Kikohozi hicho mwanzoni tulidhani ni cha vumbi la mbao.

Barua iliyobadilisha mambo ilikuja mwanzoni mwa mwaka wa pili. Mama alisema kwamba nje ya kanisa la mji ule kuna jiwe refu lenye majina ya wanaume wa pale waliokufa vitani. Alikuwa amelipita mara nyingi bila kulitazama. Siku moja, akimsubiri rafiki, aliyasoma majina yote, na karibu na juu akakuta jina la kijana mmoja aliyekufa Afrika ya Mashariki, katika miaka ileile ya Majimaji. Mama aliandika kwamba alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, na kwamba hakujua kama ni vema kumwandikia baba yake habari hiyo, lakini ameona kumficha ni vibaya zaidi.

Mama Mdogo alipofika hapo aliinua macho. Babu alikuwa ameacha kutafuta alichokuwa akitafuta sandukuni.

"Rudia," alisema.

Mama Mdogo alirudia. Babu akatoka, akakaa kibandani bila kupiga randa. Siku zilizofuata hakutania mtu. Kifua nacho kikazidi. Hospitali walimpa dawa, akazimeza bila imani. Mvua zikiwa zimekolea, alimwita Mama Mdogo, akamwambia, "Nataka kuongea na Theopista kwa mdomo. Siyo barua."

Mama Mdogo alishika kiuno. Baadaye jikoni aliniambia kwa sauti ya chini, "Anataka kumrudisha. Mwaka mzima amelimeza, sasa anataka kulitapika."

Simu tuliyoweza kuipata ilikuwa ya Mzee Saidi, Myao wa Tunduru aliyekuwa na duka kubwa karibu na soko. Alikubali bila masharti. Mama Mdogo akaandika, na majibu yakaja: mama angepiga Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu, saa nane mchana kwa saa zetu, ambayo kwake ilikuwa saa sita kamili, saa ya mapumziko yake wodini.

Jumapili hiyo Babu aliamka mapema. Alinyoa ndevu, akavaa koti lake, akafunga tai, akanituma nimfunge kamba za viatu.

"Baba, ni simu tu," alisema Mama Mdogo. "Hatakuona."

"Mimi nitajua nimevaaje," alisema Babu.

Hakuweza tena kutembea mbali. Tuliazima baiskeli ya jirani, tukamkalisha kwenye kerea ya nyuma, Mama Mdogo akishika usukani na mimi nikisukuma kwa nyuma. Watu waliokuwa wanatoka misa ya pili walitupisha na kumwamkia. Yeye aliitikia marahaba zake kwa zamu, kulia na kushoto, kama askofu.

Tulifika mapema, saa nane bado. Mzee Saidi alikuwa ndio kwanza anafungua tena mlango, kofia yake ya swala ikiwa bado kichwani.

"Shikamoo, mzee wangu," alimwambia Babu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na mvi.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kukusumbua."

"Hakuna usumbufu. Nimetoka kuswali adhuhuri, duka nililifunga kidogo. Karibuni mkae."

Alimpa Babu kiti chake, mimi akanionyesha gunia la chumvi, na simu akaivuta hadi ukingoni mwa kaunta ili waya ufike. Ilikuwa ya kijani, nzito, na kitambaa cha kufuma kilikuwa kimewekwa juu yake kama juu ya mkate. Mzee Saidi alikiondoa, akakikunja vizuri.

Saa ya ukutani ilifika saa nane. Babu akanyoosha mgongo na kusafisha koo. Mimi nilikuwa na neno langu moja la kumwambia mama, kwamba nimepanda darasa, na nililirudia moyoni ili lisinitoroke.

Simu haikulia.

Wateja waliingia, wakanunua chumvi, mafuta ya taa, sabuni, wakatoka. Kila mmoja aliitazama tai ya Babu, halafu simu, halafu akashusha sauti. Mama Mdogo alisimama mlangoni, mikono kifuani. Alisema pengine yuko njiani kuja kwenye simu. Baadaye akasema pengine mgonjwa wake amezidiwa. Baadaye akaacha kusema.

Hapo ndipo Babu aliponigeukia, akasema nami polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu.

"Mke wangu, unajua ninachotaka kumwambia mama yako?"

"Arudi," nilisema, maana ndivyo nilivyosikia jikoni.

Alinitazama kwa mshangao. "Arudi kufanya nini? Amalize masomo. Watoto wanaozaliwa kabla ya wakati ni wengi hapa. Mimi mwenyewe nilizaliwa njiti, porini, wala hapakuwa na wa kunitunza ila Mungu." Akapumzika, kifua kikilia ndani. "Nataka aniulizie habari moja. Huyo kijana wa kwenye jiwe alikuwa na mama. Nataka kujua kama mama yake aliwahi kuambiwa kaburi la mwanawe liko wapi."

"Kwa nini, Babu?"

"Kwa sababu mama yangu hakuambiwa la mumewe. Alikuwa akiona mtu yeyote anatoka upande wa bondeni anamwuliza, mpaka watoto wakawa wanamcheka. Nafikiri na yule mama wa kule naye aliuliza. Nafikiri walikuwa wanawake wawili wanauliza swali moja, huyu huku na yule kule, na hakuna aliyewajibu. Nataka tu kujua."

Nilitikisa kichwa kukubali, ingawa sikuelewa kwa nini mtu mzima aliyevaa tai amjali mama wa askari aliyekuja kuchoma maghala yao.

Nje, barazani kwa Mzee Saidi, palikuwa na mama mmoja aliyeuza maandazi. Alipoona tunakata tamaa aliingia, akauliza tunasubiri nini, akaambiwa.

"Mbona simu ililia," alisema. "Ililia sana, ikakatika, ikalia tena. Mlango umefungwa, mwenyewe yuko msikitini."

"Saa ngapi?" aliuliza Mama Mdogo.

"Saa saba hivi. Watu walikuwa hawajatoka kuswali."

"Basi siyo yeye. Yeye alisema saa nane, na tangu saa nane tupo hapa."

Mzee Saidi alikuna kidevu, akasema simu yake Jumapili hailii kwa kawaida, lakini hakubishana. Tuliendelea kukaa. Alasiri wingu lilishuka kutoka Matogoro, mvua ikaanza, na Mama Mdogo akasema twende kabla njia haijaharibika. Babu alimshukuru mwenye duka kwa maneno mengi, kama mtu aliyepewa karamu. Mzee Saidi alimfunika kwa mfuko wa nailoni, akatusindikiza mpaka barabarani na mvua yake.

Usiku wa siku hiyo nguzo za simu zilianguka upande wa Njombe, na mji wetu ukakaa bila simu za mbali mpaka mambo yote yakawa yamekwisha. Babu hakunyanyuka tena kitandani. Alikufa asubuhi moja ya juma lililofuata, jua likiwa limeshapanda, mama akiwa kwa hesabu zangu ndio kwanza anaamka. Telegramu ilimfikia baada ya mazishi.

Halafu ikaja barua yake, aliyoiandika kabla ya telegramu. Alisema alipiga saa sita kamili ya kwao, simu ikalia bila kupokelewa. Akapiga tena, kengele ya wodi ikamwita. Jioni ndipo, akizungumza na wenzake, alipogundua kosa lake: kwamba usiku wa kuamkia Jumapili hiyo nchi nzima ilikuwa imesogeza saa mbele kwa saa moja, kama wanavyofanya kila mwaka majira ya joto yanapokaribia, na kwamba tangu siku hiyo tofauti na sisi ilikuwa saa moja tu. Alikuwa amebadilisha saa yake ya mkononi kama alivyoambiwa, lakini hesabu ya kwetu hakuibadilisha. Aliomba radhi kwa kila sentensi.

Mama Mdogo aliisoma mbele ya ndugu waliokuwa bado kwenye matanga. Alipomaliza, shangazi yake mmoja aliuliza, "Saa inasogezwa? Na nani?"

Mama Mdogo aliikunja barua.

"Saa ni jua," alisema yule shangazi. "Angesema tu alisahau, tungemsamehe."

Na mimi nikaamini hivyo. Hebu fikirini: nilikuwa mtoto wa Songea, ambako jua huchomoza palepale na karibu saa ileile mwaka mzima. Ningeaminije kwamba taifa zima linaweza kulala, likaamka, likakubaliana kuwa saa sita ni saa saba? Niliona mama ametunga uongo, tena uongo wa kitoto. Ile simu ya saa saba aliyoisikia mama wa maandazi niliona ni ushahidi tu kwamba alipiga ovyo, kisha akatafuta kisingizio.

Alirudi alipomaliza masomo, akaanza kazi wodini. Siku za kwanza alijaribu kueleza tena habari ya saa, akaona nyuso zetu, akaacha. Hakuirudia tena. Alinipenda, alinisomesha, tulicheka juu ya mengine mengi. Lakini Jumapili ile ilibaki nyumbani kwetu kama chumba kilichofungwa, na mimi nikakua napita mlangoni pake bila kugusa kitasa.

Nilikuja kuwa mwalimu. Miaka mingi baadaye shule yetu ilipata urafiki na shule moja ya Ujerumani, nikawa mmoja wa walimu waliotumwa kutembelea kwa majuma machache. Niliomba, kabla ya kurudi, nipelekwe kwenye mji ule wa mama. Nilipokelewa na mwanamke mstaafu aliyekuwa na nyumba ya mbao na paka wawili. Jumapili asubuhi nilishuka jikoni, nikamkuta amepanda kiti, ameishusha saa ya ukutani, anazungusha mshale wake kwa kidole. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba nimechelewa kifungua kinywa kwa saa moja, lakini nisione haya. Leo kila mtu amechelewa.

Nilikaa kwenye ngazi. Alidhani naumwa, akaniletea maji.

Baadaye nilitembea hadi kanisani. Jiwe lilikuwepo, na jina lilikuwepo. Nililigusa, lilikuwa baridi na lenye unyevu. Kisha nikampigia mama. Simu zenyewe siku hizi ziko mifukoni, na alipokea mara moja.

"Mama, shikamoo. Nimewaona wakisogeza saa."

Nilisikia kuku wa jirani yetu wa Msamala.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Basi umeona."

Ndipo nikamweleza Jumapili yetu, yote: baiskeli, viatu, kiti cha Mzee Saidi, na kwamba Babu hakuja kumrudisha nyumbani. Nikamwambia swali la Babu kuhusu mama wa yule kijana. Nilipofika hapo alinikatiza.

"Nilikuwa nimeshauliza," alisema.

"Uliuliza nini?"

"Hilohilo. Juma lile kabla ya simu nilimtafuta mtu wa ukoo wao. Mzee mmoja, mwoka mikate. Alisema bibi yao, mama wa yule kijana, alipata barua moja tu ya jeshi. Kaburi hakuambiwa. Alikuwa akiona mtu yeyote aliyerudi kutoka Afrika anamfuata kumwuliza, mpaka akafa. Hiyo ndiyo habari niliyotaka kumpa Baba saa ile. Sikuwa na nyingine, na yeye alipokufa sikuona wa kumpa."

Niliporudi Songea, tulikwenda pamoja makaburini, mama na mimi. Hakuleta maua. Alipiga magoti, akaanza kuongea kwa Kingoni, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetoa salamu alizotumwa: habari za yule mwoka mikate, za bibi yake, za barua moja ya jeshi. Nilikuwa nimeamini tangu utotoni kwamba Jumapili ile baba na bintiye walikuwa wamegombana, na simu ndiyo iliyokuwa imenyamaza kwa niaba yao. Kumbe mmoja alikuwa amebeba swali na mwingine amebeba jibu lake, na kila mmoja alifika kwa wakati wake. Mama aliongea mpaka akamaliza yote. Kisha akanyamaza kidogo, kama anayempa mzee nafasi ya kuuliza zaidi, akainuka, akapangusa udongo magotini.